Kwa nini vyuo vya Marekani vilifuta timu za mieleka, hata zilizokuwa mabingwa?

Machi 2011, timu ya mieleka ya Chuo Kikuu cha Nebraska kilichopo Omaha ilitwaa ubingwa wa taifa wa Daraja la Pili (vyuo hushindana katika madaraja matatu, la kwanza likiwa la juu) kwa mwaka wa tatu mfululizo. Saa chache baadaye kocha wake, Mike Denney, akaarifiwa kwamba timu inafutwa. Chuo kilikuwa kinahamia Daraja la Kwanza, kwenye ligi isiyokuwa na mieleka, na futiboli ya Kimarekani nayo ikafutwa ili kubana gharama. Denney akahamia Chuo Kikuu cha Maryville, eneo la St. Louis, na wachezaji wake wengi wakamfuata.

Mieleka inayozungumziwa hapa siyo ile ya kwenye televisheni. Hakuna ngumi wala kamba. Pambano ni dakika 7, zinazogawanywa 3, 2 na 2. Ukimwangusha mpinzani na kumdhibiti unapata pointi 3 (zilikuwa 2 hadi 2023), ukichoropoka chini yake pointi 1, na ukimbana mabega yote mawili mkekani kwa sekunde 1, kazi imekwisha. Yale na Columbia zilishindana tangu 1903, na ubingwa wa taifa ulianza 1928 mjini Ames, Iowa. Ed Gallagher, kocha aliyesomea uhandisi, aliipa Oklahoma A&M (sasa Oklahoma State) ubingwa mara 11 kufikia 1940. Dan Gable akaipa Iowa mara 15 kati ya 1977 na 1997. Mashabiki hawakukosekana: Novemba 2015, Iowa ilipopambana na Oklahoma State katika uwanja wa futiboli, waliingia watu 42,287.

Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1980 vyuo zaidi ya 350 vya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, vilikuwa na timu za mieleka. Miaka 20 baadaye vilibaki kama 220.

Wengi huilaumu sheria ya 1972 iitwayo Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Sheria yenyewe haitaji mieleka popote. Mwongozo wa 1979 ulivipa vyuo njia tatu za kuonyesha kwamba vinatenda haki michezoni: uwiano wa wanamichezo ulingane na uwiano wa wanafunzi, au chuo kiwe na historia ya kuendelea kupanua michezo ya wanawake, au kiwe kimekidhi kikamilifu hamu na uwezo wa wanawake waliopo. Baada ya kesi ya wanamichezo wa kike dhidi ya Chuo Kikuu cha Brown katika miaka ya 1990, wanasheria wengi wa vyuo waliiona njia ya kwanza kuwa salama zaidi, kwa sababu inahesabika.

Tufanye hesabu hiyo kwa chuo cha mfano. Wanawake ni asilimia 55 ya wanafunzi, na bajeti inatosha wanamichezo 400. Wanawake wanastahili nafasi 220, wanaume 180. Futiboli inachukua 110. Zimebaki 70. Mpira wa kikapu 15, besiboli 40: zimebaki 15. Riadha, kuogelea, tenisi, gofu na mieleka vyote vinagombea nafasi hizo 15, na mieleka peke yake inataka 30, maana kuna madaraja 10 ya uzito na kila moja lina mchezaji, mbadala wake na mwenzi wa mazoezi. Futiboli haiguswi kwa sababu inajaza viwanja. Kwa hiyo mkurugenzi wa michezo anakata panapolalamikiwa na watu wachache, kisha anaitaja sheria kuwa ndiyo sababu. Hapo ndipo lawama inapopotoka. Sheria inadai uwiano wa haki. Uamuzi wa futiboli kubeba wachezaji zaidi ya 100, wengi wao wasioingia uwanjani, ni wa chuo chenyewe. Makocha wa mieleka walikwenda mahakamani mwaka 2002 kupinga mwongozo ule, na wakashindwa.

Mchezo nao ulijijeruhi. Mwishoni mwa 1997 wanamieleka watatu wa vyuo walifariki ndani ya wiki chache wakijikausha ili wafikie uzito: mazoezi makali ndani ya mavazi ya mpira yasiyopitisha jasho, kwenye vyumba vya joto, huku wakijinyima maji. NCAA ilibadilisha kanuni katikati ya msimu. Mavazi hayo na sauna vikapigwa marufuku, na upimaji wa uzito ukasogezwa karibu na muda wa pambano ili asiwepo wa kujikausha leo akanywa maji kesho. Tangu hapo mchezaji hupimwa mkojo kwanza mwanzoni mwa msimu; uzito maalumu wa mkojo huo, yaani uzito wake ukilinganishwa na maji, ukizidi 1.020, mwili hauna maji ya kutosha na kipimo hakiendelei. Akifaulu, hupimwa mafuta ya mwili, kisha hupangiwa uzito wa chini kabisa anaoruhusiwa, na hashuki zaidi ya asilimia 1.5 ya uzito wake kwa wiki.

Timu zilizookoka ziliokolewa na fedha za wahitimu. Arizona State ilitangaza kuifuta timu mwaka 2008, ikairudisha ndani ya siku chache baada ya wafadhili kujitokeza. Bucknell ilirudishwa na mchango wa dola milioni 5.6. Stanford ilitangaza kufuta michezo 11 mwaka 2020. Machi 2021 Shane Griffith akatwaa ubingwa wa taifa akiwa amevaa nguo nyeusi isiyo na nembo ya chuo, na miezi miwili baadaye uamuzi ukatenguliwa.

Kisichojulikana sana ni kwamba vyuo vidogo vya binafsi vilikuwa vikianzisha mieleka wakati vikubwa vinafuta. Daraja la Tatu halitoi ufadhili wa michezo. Kocha akileta vijana 30, na kila mmoja akalipa, tuseme, dola 20,000, chuo kinapata dola 600,000, kiasi kinachoweza kufunika mshahara wa kocha, mikeka na safari.

Wanawake, ambao hesabu yao ilidaiwa kuua mchezo, sasa wanauongezea nguvu. Chuo chenye mkeka na ukumbi kinaweza kuongeza timu ya wanawake 30 bila kujenga kitu, na uwiano unasogea upande unaotakiwa. Iowa ilitangaza timu yake ya wanawake mwaka 2021 chini ya Clarissa Chun, na Januari 2025 NCAA iliidhinisha ubingwa wa taifa wa wanawake, wa kwanza ukipangiwa 2026.

Tishio la sasa ni jingine. Kwa makubaliano ya kimahakama yaliyopitishwa Juni 2025, chuo kinaweza kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja hadi kiwango cha mwaka kilichoanzia dola milioni 20.5 katika msimu wa 2025-26. Ukomo wa zamani wa nafasi 9.9 za ufadhili kamili wa masomo kwa timu ya mieleka umeondoka kwa vyuo vilivyojiunga na makubaliano hayo. Badala yake timu haizidi wachezaji 30. Sehemu kubwa ya fedha hizo inakwenda kwa futiboli na mpira wa kikapu, na zinabidi zitoke mahali fulani ndani ya bajeti ileile. Cleveland State, ambayo haina hata timu ya futiboli, ilitangaza mapema 2025 kwamba inaifuta timu yake ya mieleka.