Jopo kuu la Marekani na kinga ya kutoshtakiwa mara mbili: wapi tunakosea

Dhana: Jopo kuu limemfungulia mashtaka, basi ana hatia.

Ukweli: Jopo kuu halihukumu. Linapima tu kama upo msingi wa kutosha wa kumpeleka mtu mahakamani. Kwenye mfumo wa shirikisho, yaani wa serikali kuu ya nchi, hukaa raia 16 hadi 23, na 12 wakikubali, mashtaka yanapita. Chumbani humo jaji hayumo wala wakili wa mtuhumiwa. Anayeongoza ni mwendesha mashtaka, na ushahidi unaosikika ni ule aliouleta yeye. Shahidi akitaka ushauri wa wakili wake, huomba ruhusa, akatoka koridoni kunong'ona naye, kisha akarudi kujibu. Kumwita mtu mhalifu kwa maneno ya upande mmoja namna hiyo ni kumwonea.

Dhana: Jopo likikataa, yamekwisha.

Ukweli: Bado. Kinga ya kutoshtakiwa mara mbili kwa kosa lile lile, iliyomo kwenye Marekebisho ya Tano ya Katiba, ya mwaka 1791, huanza siku juri ya kesi yenyewe, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, inapokula kiapo. Kabla ya hapo, suala lile lile laweza kupelekwa kwa jopo jingine. Na juri ikishindwa kukubaliana, kesi huweza kuanza upya. Mahakama ya Juu ilishaamua hivyo tangu 1824.

Dhana: Aliyeachiwa huru hagusiki tena.

Ukweli: Hapa ndipo watu hushangaa zaidi. Jimbo na shirikisho ni mamlaka mbili, kila moja na sheria zake. Polisi wanne walishtakiwa kwa kumpiga Rodney King, dereva Mweusi, Los Angeles, 1991, kipigo ambacho mkazi wa jirani alikinasa kwa kamera ya video. Aprili 1992 juri ya jimbo la California haikumtia hatiani hata mmoja, na jiji likawaka moto. Wote wanne wakapandishwa mahakama ya shirikisho kwa kuvunja haki zake za kiraia, na mwaka 1993 wawili wakafungwa miezi 30 kila mmoja. Kanuni hiyo ya mamlaka mbili ilithibitishwa tena na Mahakama ya Juu 2019, katika kesi ya Gamble.

Ndani ya mamlaka moja, lakini, kinga ni ngumu kweli kweli. Juri ikishasema hana hatia, mwendesha mashtaka hana rufaa, hata ushahidi mpya ukipatikana kesho yake. Tanzania si hivyo: Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) anaweza kukata rufaa kupinga mshtakiwa kuachiwa huru.