Nyumba nyingi, uso mmoja: Nash na Burton kando ya Regent's Park

Kwenye kazi yangu ya kuhifadhi majengo ya zamani, swali ninaloulizwa kila mara kuhusu yale majumba meupe ya Regent's Park, London, ni hili: lilikuwa kasri la nani? Hakuna hata moja lililokuwa kasri. Cumberland Terrace, la mwaka 1826, ni msururu wa nyumba za familia mbalimbali zilizoungana ukuta kwa ukuta. Msanifu majengo John Nash aliupa msururu mzima uso mmoja: nguzo za Kiioniki (mtindo wa Kigiriki wenye vichwa vya nguzo vilivyojikunja) katikati, juu yake pembetatu kubwa iliyojaa sanamu, na matao yanayounganisha sehemu zake tatu. Mlango wako ungekuwa mdogo tu, lakini ukishuka kwenye gari la farasi, wageni wangedhani unaishi kwa mfalme.

Ardhi ya Regent's Park ilirudi mikononi mwa Taji, yaani ufalme wa Uingereza, mwaka 1811, mwaka uleule ambao mwanamfalme George alianza kutawala kwa niaba ya baba yake aliyekuwa mgonjwa. Mpango wa Nash ulikuwa bustani, majumba kuizunguka, na barabara mpya ya kushuka hadi makazi ya mwanamfalme, Carlton House. Serikali haikuwa tayari kujenga majumba yenyewe, kwa hiyo kila kiwanja kilipangishwa kwa miaka 99. Mkandarasi alijenga kwa fedha zake, kisha akauza haki ya kukaa. Nash alisimamia sura ya mbele, na mambo ya ndani kwa kiasi kikubwa aliachiwa mkandarasi. Ndiyo maana nyuma ya majumba haya unakuta matofali ya kawaida, madirisha yasiyolingana na mabomba yaliyopita popote palipofaa. Mimi huwaambia wanafunzi waanzie huko nyuma.

Mkandarasi mkubwa kuliko wote alikuwa James Burton. Bila fedha zake sehemu kubwa ya mpango wa Nash ingebaki kwenye karatasi. Mwanawe Decimus, aliyezaliwa mwaka 1800, alisanifu Cornwall Terrace, msururu mwingine wa bustani hiyo, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi. Nalipenda kuliko Cumberland. Nash alichora kwa ajili ya mtu anayetazama kutoka ng'ambo ya bustani. Ukikaribia, mapambo yake mengine ni makavu. Kwa Burton kijana, sogea hadi kwenye kichwa cha nguzo, bado kazi inakutosheleza.

Sasa ule weupe. Chini yake ni matofali, juu yamepigwa lipu na kuchorwa mistari ili yaonekane mawe ya kuchonga. Lipu hiyo iliwezekana kwa sababu ya saruji kama ile ya James Parker, aliyeipatia hataza mwaka 1796. Iliitwa ya Kirumi ingawa Warumi hawakuijua: ilichomwa kutokana na mabonge ya udongo wenye chokaa, ikawa ya rangi ya kahawia, na ilishika upesi mno, fundi akichelewa kidogo imeganda kwenye karai. Rangi ilikuwa lazima, na mikataba ya upangaji iliwabana wakazi waipake upya mara kwa mara. Ukiona ufa kwenye lipu hiyo, usicheleweshe. Maji huingia nyuma yake, yanakosa pa kutokea kwa sababu ya tabaka za rangi ya mafuta, na mbao zilizo ndani ya ukuta huanza kuoza kabla hujaona alama yoyote nje.

Watu wa enzi zake walimcheka Nash kwamba Kaisari Augusto aliikuta Roma ya matofali akaiacha ya marumaru, naye ameikuta London ya matofali akaiacha ya lipu. Mimi nasema hawakumtendea haki. Kwa mawe halisi, hakuna mkandarasi ambaye angethubutu kuchukua viwanja vile.

Carlton House yenyewe ilibomolewa, na mahali pake Nash akajenga Carlton House Terrace kuanzia mwaka 1827. Ukipita upande wa barabara ya The Mall, ziangalie zile nguzo fupi nene za Kidoriki (mtindo wa Kigiriki usio na mapambo mengi) zilizobeba baraza chini ya majumba. Zigonge kwa kidole: ni chuma cha kusubu, kilichopakwa rangi kama jiwe.