Homoni za tumboni na tabia za dume na jike: kima wanatufundisha nini

Watoto wa kima wa Asia wanaoitwa resusi wakianza kucheza, tofauti haichelewi kuonekana. Madume hukimbizana, hukamatana na kuangushana kutwa nzima. Majike nao hucheza, ila mieleka ya namna hiyo hawaipendi sana. Hakuna aliyewafundisha kwamba ule ni mchezo wa wavulana. Wengi wetu hujibu kwamba "ndivyo walivyoumbwa" na kuishia hapo, ilhali swali la maana ndiyo kwanza linaanza: waliumbwaje hivyo, na lini?

Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye testosteroni, homoni kuu ya kiume, inayozunguka mwilini mwa kijusi. Mimba ya kiume hubeba kromosomu Y, nayo ina jeni inayoelekeza tezi changa ziwe korodani. Kwa binadamu, korodani hizo huanza kutoa testosteroni yapata wiki ya 8, miezi mingi kabla mtoto hajazaliwa. Mwaka 1959 watafiti wanne wa Marekani, Charles Phoenix, Robert Goy, Arnold Gerall na William Young, walieleza walichokiona kwa simbilisi: majike ambao mama zao walipewa testosteroni wakiwa na mimba walikua wakionyesha tabia za kujamiiana zinazofanana na za madume. Hoja yao ilikuwa kwamba homoni za kabla ya kuzaliwa huupanga mfumo wa neva, na zile za ukubwani huja kuamsha tu kilichokwisha kupangwa.

Simbilisi si kima, na Goy alilijua hilo, hivyo akaendelea na resusi. Mimba yao huchukua takriban siku 165, muda unaotosha kujaribu vipindi tofauti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1988 ndiyo ninayoyaona kuwa muhimu kuliko yote katika somo hili. Majike waliofikiwa na testosteroni mapema, mimba ikiwa na siku kama 40 na kuendelea, walizaliwa na sehemu za siri za kiume. Waliofikiwa nayo baadaye, kuanzia siku ya 115 hivi, walizaliwa na maumbile ya kike kamili, lakini walipokua walipenda mieleka kuliko majike wa kawaida. Kwa hiyo mwili na tabia havifuati saa moja, na hata tabia zenyewe kila moja ina kipindi chake. Anayefikiri homoni ni kama swichi ya taa, ukiwasha mtoto anakuwa wa kiume mwili mzima na akili yote, matokeo haya yanamkatalia.

Ubongo nao umechunguzwa. Patricia Goldman-Rakic na wenzake waligundua mwaka 1974 kwamba jeraha katika eneo la mbele ya ubongo, lile lililo juu ya macho, liliwaharibia watoto madume wa resusi uwezo wa kufaulu majaribio fulani ya kujifunza wakiwa na miezi miwili na nusu tu. Majike wenye jeraha hilohilo hawakuonyesha kasoro hadi walipokuwa wakubwa zaidi. Yaani eneo hilo huanza kazi mapema kwa madume. Mwaka 1989 ikaonekana kwamba majike waliopewa androjeni (homoni za kiume, testosteroni ikiwemo) mapema maishani walifuata ratiba ya madume. Kilichobadilika hapo ni kasi ya kukomaa, na tusikigeuze kuwa kipimo cha nani ana akili zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulichanganya. Kwa panya, testosteroni nyingi hugeuzwa kuwa estrojeni, homoni inayojulikana zaidi kuwa ya kike, ndani ya ubongo kabla ya kufanya kazi ya kuuelekeza upande wa kiume. Kwa primati, yaani kundi la kima, nyani na binadamu, ushahidi unaelekea zaidi kwenye androjeni zenyewe kufanya kazi hiyo moja kwa moja. Kwa hiyo si kila kilichothibitishwa kwa panya kinamhusu binadamu.

Na binadamu je? Hakuna daktari atakayempa mjamzito testosteroni ili aone kitakachotokea. Tunajifunza kutokana na hali za kiafya zinazotokea zenyewe, hasa ile ya kurithi ambapo tezi za adrenali za mtoto, zilizo juu ya figo, hutoa androjeni nyingi kuanzia tumboni. Wasichana wenye hali hiyo, kwa wastani, huvutiwa zaidi na michezo na vitu vya kuchezea ambavyo kwa kawaida huvutia wavulana. Walio wengi hujitambua kuwa wasichana, bila utata. (Mzazi ajue pia kwamba aina kali ya hali hii humfanya mtoto mchanga apoteze chumvi na maji mwilini katika wiki zake za mwanzo, na inatibika ikigunduliwa mapema.)

Malezi yana nafasi yake, hata kwa kima. Tabia ya kupandana wakati wa kucheza hubadilika sana kutegemea kama mtoto amelelewa na mama yake na katika kundi la namna gani. Mieleka ya madume haitikisiki kirahisi hivyo. Hujitokeza katika mazingira mengi ya malezi.

Halafu kuna upendo kwa watoto wachanga. Majike wadogo wa resusi huwasogelea na kuwashika vichanga mara nyingi zaidi kuliko madume wa rika lao, na tofauti hiyo ni kubwa. Kim Wallen na wenzake walipowachunguza kima ambao androjeni zao za tumboni zilikuwa zimeongezwa au kuzuiwa, katika utafiti uliotoka mwaka 2003, walitarajia kuona tofauti hiyo ikipungua. Haikupungua.