Modem ikishasema CONNECT, muiache

Kijana kaja na ThinkPad ya zamani yenye Debian, modem ya USB ya 3G mkononi, na hukumu keshaitoa kabla hajaketi: "Fundi, Linux haikubali modem." Sijui ni wa ngapi huyu. Nikamwambia aiwashe mbele yangu. Wvdial, programu ya kupigisha modem simu, ikapiga *99#, namba ya kuomba intaneti, ikaandika CONNECT (yaani imeunganishwa), ikaleta anwani ya IP na seva mbili za DNS, zile zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Kivinjari kikabaki cheupe.

Sasa mdogo wangu, modem iliyokataliwa inapataje IP?

Modem ni mpiga simu tu. Ikishaunganishwa, anayeendesha mazungumzo upande wa kompyuta ni pppd, programu ya kuunganisha intaneti; modem inapitisha pakiti kama bomba linavyopitisha maji. Ukiona umepewa IP, basi hatua zote za makubaliano zimepita: LCP ya kufungua laini, kisha utambulisho, kisha IPCP ya kugawa anwani. Bando linaweza kuwa limeisha na bado ukapewa IP, kwa hiyo angalia salio kwanza. La kwake lilikuwepo.

Nikaandika `ip route`, amri inayoonyesha pakiti zinapitia njia gani. Mstari wa kwanza, njia kuu: `default via 192.168.1.1 dev eth0`, yaani kupitia kebo. Ruta gani hiyo? Ya ofisi aliyoacha kazi mwaka jana! Aliiandika kwa mkono kwenye /etc/network/interfaces, akaisahau. Kebo haipo, ruta haipo, lakini njia kuu ingalipo, na kila pakiti inatumwa huko ikafie. Pppd ana adabu: akikuta njia kuu ya mwenzake, haigusi, hata ukimwandikia `defaultroute`, yaani aweke njia kuu yake. Analalamika kwenye logi, ambayo hakuna anayeisoma, kisha anaendelea na kazi zake. Halafu ana kituko kingine: akikuta njia kuu ipo, anautaka upande wa pili nao ujitambulishe, jambo ambalo mtandao wa simu haufanyi, na simu inakatwa au haipigwi kabisa. Wvdial ya Debian huja na `noauth` (usidai utambulisho) tayari. Wanaomtumia pppd na chat, programu ndogo ya kupiga simu, bila wvdial ndio hukwama hapa, wakarudi kuilaani modem.

`sudo ip route replace default dev ppp0`. Kurasa zikafunguka. Kisha nikaweka alama ya # mbele ya mstari wa gateway kwenye faili lile, tukamalizana nalo.

Kama njia iko sawa na bado hakuna kitu, `ping 8.8.8.8`. Ikijibu, na jina la tovuti halijibu, ni DNS: /etc/resolv.conf bado ina seva ya zamani. Hilo nalo halina uhusiano na modem.

Modem ikionekana kama CD na ttyUSB0, mlango wake, haipo, weka usb_modeswitch, programu ya kuigeuza kutoka CD kuwa modem. Ukikataliwa ruhusa ya kufungua ttyUSB0, jiweke kwenye kundi la dialout, toka, ingia upya. `AT+CSQ`, amri ya kuiuliza modem nguvu ya mawimbi, ikileta 5, sogea dirishani. Kipimo kinaishia 31, na 99 maana yake hakijapimika. Kuna pia ModemManager, programu nyingine ya kusimamia modem, inayopenda kung'ang'ania mlango mmoja na wvdial. Mimi huizima. Lakini siwezi kuapa kwamba dawa huwa ni kuizima, maana kila mara naichomoa modem na kuichomeka upya wakati huohuo.

Linaloniudhi kuliko yote ni mstari wa `Baud = 460800` kwenye faili la mipangilio la wvdial. Hiyo si kasi ya intaneti! Enzi za modem za laini ya mezani namba hii ilikuwa mwendo kati ya kompyuta na modem: uliandika 115200 wakati V.90, kiwango cha modem hizo, ukomo wake ni kilobiti 56 kwa sekunde, na hizo 56 zenyewe ni nadra kuzipata. Kwenye modem ya USB namba hiyo ni pambo. Nilimweleza kijana haya yote, taratibu, kwa mfano wa bomba na bomba. Akatikisa kichwa, akafunga laptopu, akafika mlangoni, akageuka.

"Fundi, kwa hiyo nikiweka 921600?"