Habari inayofika mezani ikiwa imeshapikwa

Mwezi uliopita nilikuwa Kasulu nikiwafundisha watangazaji vijana wa redio za wilayani. Siku ya pili tulipofika kwenye suala la umiliki, binti mmoja kutoka Kibondo akanyoosha mkono. "Mwalimu, tajiri akinunua redio, akalipa mishahara kwa wakati, na hajamwambia mtu yeyote aseme uongo, kosa lake liko wapi?" Darasa likanyamaza. Wengine mle ndani walikuwa hawajalipwa kwa miezi, na swali liliwagusa kuliko somo langu zima. Muda ulikuwa umekwisha, nikamjibu kwa kifupi. Jibu refu ninaliandika hapa.

Kabla sijaanza kufundisha historia ya vyombo vya habari nilikuwa mhariri wa redio hapa Kigoma, na mtu ninayemrudia kila mwaka darasani ni Mjerumani, Alfred Hugenberg, aliyezaliwa 1865. Huku kwetu jina lake halijulikani, ingawa hasira iliyomwingiza kwenye siasa ilianzia pwani yetu. Julai 1890 Uingereza iliwaachia Wajerumani kisiwa cha Heligoland, nao Wajerumani wakakubali Zanzibar iwe chini ya himaya ya Uingereza. Hugenberg, kijana wa miaka 25, alikuwa miongoni mwa wachache waliotoa wito magazetini kuupinga mkataba huo, na wito ule ukazaa jumuiya ya wazalendo wa kupindukia waliotaka Ujerumani ijitanue zaidi. Kwao Zanzibar ilikuwa mali iliyogawiwa ovyo. Wazanzibari wenyewe hawakuulizwa na upande wowote.

Baadaye akawa kiongozi wa wakurugenzi wa Krupp, kampuni ya chuma na mizinga. Mwaka 1916, mwaka uleule Wajerumani walipoizamisha wenyewe ziwani meli yao Graf von Götzen, ambayo leo tunaiita Liemba, Hugenberg aliichukua Scherl, kampuni kubwa ya magazeti ya Berlin, akisaidiwa na fedha za wenye viwanda wenzake. Wanafunzi wangu wengi hudhani hapo ndipo nguvu yake ilipokuwa. Mimi sioni hivyo. Berlin ilikuwa na magazeti chungu nzima, na msomaji asiyelipenda moja alinunua jingine. Nguvu yake ilikuwa mikoani.

Hebu fikiria gazeti la mji mdogo wa Ujerumani wakati ule. Mwenye gazeti ndiye mhariri na ndiye mchapaji. Hana uwezo wa kumweka mwandishi Berlin. Mwaka 1923 mfumuko wa bei ukaifanya fedha ya Ujerumani kuwa karatasi tupu, na magazeti ya namna hiyo yakawa hoi. Hugenberg alikuwa amejipanga kila upande: alikuwa na kampuni ya kuyakopesha, wakala wa kuyaletea matangazo ya biashara, shirika la habari lililoitwa Telegraphen-Union la kuyauzia habari, na ofisi ya kuyatumia kalibu.

Kalibu hizi nataka zieleweke vizuri. Herufi za habari zilipangwa Berlin, kisha karatasi nene yenye unyevu ikakandamizwa juu yake mpaka ikashika umbo la kila herufi. Karatasi ile ikikauka inatumwa kwa posta. Mchapaji wa mkoani anamimina juu yake madini ya risasi yaliyoyeyushwa, yanaganda, na tayari ana ukurasa wenye habari za bunge, tahariri na hadithi ya mfululizo, bila kumlipa mpanga herufi hata senti. Juu kabisa anaweka jina la gazeti lake, jina lilelile ambalo babu yake msomaji alilisoma na kuliamini.

Ndugu yangu wa Kibondo, jibu lako limelala ndani ya karatasi ile. Tajiri akishabeba gharama ya habari, kuna haja gani tena ya kumwamuru mhariri? Mhariri mwenyewe, akiwa na njaa na tarehe ya kuchapa imefika, atachukua kilichopo. Mamia ya miji ikasoma mawazo ya mtu mmoja ikidhani inasoma gazeti la nyumbani.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu nami nimeipokea kalibu. Miaka ile Kigoma ilikuwa bado inategemea umeme wa majenereta, na kwenye kituo nilichokuwa mhariri mafuta yalikuwa yanatumaliza. Kila Jumatatu kijana mmoja mwenye adabu sana alileta flashi. Ndani yake kulikuwa na vipindi vitano vya dakika 15 na taarifa ya habari iliyokwisha kusomwa, sauti safi kuliko ya studio yetu. Waliomtuma walilipia mafuta. Nilisikiliza wiki ya kwanza, nikatafuta uongo, sikuupata. Nikaidhinisha. Ilinichukua miezi kugundua nilichopaswa kukisikia: neno "wageni" lilikuwa halipiti bila neno "ujambazi" kulifuata, na baada ya maneno hayo alitajwa mtu yuleyule mmoja, kana kwamba ndiye mwenye dawa ya tatizo. Hapa kwetu, ambako kila mtaa una nyumba yenye ndugu wa Burundi au Kongo, kila msikilizaji alijua wageni ni akina nani.

Wakati huo waandishi wetu walikuwa wamepungua kutoka wanne hadi mmoja. Aliyekuwa analeta flashi hakusema tumfukuze mtu. Tuliona tu hakuna haja ya kuwalipa. Ziwa lilipopanda na maji kuingia Kibirizi, wachuuzi wakihamisha magunia ya dagaa vichwani maji yakiwa magotini, sisi tulikuwa hewani na kipindi cha flashi kuhusu wageni. Mama mmoja alipiga simu studio kuuliza kama tunajua kinachoendelea ufukweni. Hatukuwa na mtu wa kumtuma.

Turudi Ujerumani. Mwaka 1928 chama cha Hitler kilipata asilimia 2.6 ya kura, viti 12 tu. Mwaka huohuo Hugenberg akawa mwenyekiti wa chama cha kihafidhina, DNVP. Mwaka 1929 aliunda kamati ya kupinga Mpango wa Young, uliopanga malipo ya fidia za Vita vya Kwanza vya Dunia ambazo Ujerumani ilidaiwa mpaka 1988, na akamkaribisha Hitler kukaa meza moja naye. Kura ya maoni ya Desemba, ya kuukataa mpango huo, ilishindwa vibaya: waliounga mkono hawakufika asilimia 14 ya wapiga kura wote. Hitler hata hivyo aliondoka na kitu kikubwa. Mtu aliyeonekana mhuni wa kumbi za bia sasa alikuwa ameketi na waheshimiwa, na habari zake zilifika kwa wenye maduka na wakulima kupitia magazeti waliyoyaamini. Septemba 1930 chama chake kilipata asilimia 18.3, na kile cha Hugenberg kikaporomoka kutoka 14.2 hadi 7. Wanahistoria wanabishana ni kiasi gani kilitokana na magazeti na kiasi gani na ukosefu wa ajira, na mimi siamini kwamba magazeti peke yake yangetosha. Watu walikuwa na njaa kweli. Lakini njaa haikuwaambia nani alaumiwe, hilo walilisoma.

Januari 1933 Hugenberg aliingia kwenye baraza la Hitler akiwa waziri wa uchumi na wa kilimo, akiamini atamdhibiti. Juni mwaka huohuo alikuwa ameshajiuzulu na chama chake kimevunjwa. Shirika lake la habari likamezwa na la serikali, na kampuni yake ya filamu, Ufa, ikamtoka mwaka 1937.

Rwanda ni karibu zaidi, na inaniuma zaidi. RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari ya 1994, ilikuwa kampuni ya hisa, na Félicien Kabuga, mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi ile, alikuwa rais wa kampuni hiyo. Ilianza kurusha matangazo Julai 1993 kwa muziki mtamu wa Kongo, utani na lugha ya kijiweni. Watu waliipenda kwanza. Aprili 1994 redio ileile ilikuwa inataja majina ya watu na mahali walipo, ili wauawe. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili na mhariri wa gazeti la Kangura, Desemba 2003. Kabuga alikamatwa Ufaransa Mei 2020, na mwaka 2023 majaji wakaona afya yake haimruhusu kuendelea na kesi.

Na wapo wamiliki wanaouza wenyewe. Nchini Peru, Vladimiro Montesinos, mkuu wa ujasusi wa Rais Fujimori, aliwanunua majaji kwa maelfu ya dola kwa mwezi, lakini kwa mwenye televisheni kubwa alitoa zaidi ya milioni moja. Alijua kilicho ghali ni kipi. Kituo kidogo cha kulipia, Canal N, hakikununuliwa, na Septemba 2000 kikaonyesha mkanda wa Montesinos akimhonga mbunge. Novemba Fujimori alikuwa Japan akituma barua ya kujiuzulu kwa faksi.

Kwa hiyo nikiingia kwenye redio yoyote siku hizi, swali langu la kwanza ni wana waandishi wangapi wanaotoka nje ya ofisi, na nani analipa nauli yao. Jina la mmiliki naliuliza baadaye. Kasulu tulikaa mpaka jioni na hesabu hiyo. Redio tatu zilikubaliana kuchangia mwandishi mmoja wa vikao vya madiwani, nauli kwa zamu, habari ni ya wote. Kikao cha kwanza ni cha Kibondo, na yule binti ameshachukua daftari.