Je, wajua kwa nini barua ya ndege ilishuka Dakar ikapanda meli?

Mwaka 1928 ungetia barua posta kule Toulouse, kusini mwa Ufaransa, iende Buenos Aires kwa ndege, barua hiyo ingepanda ndege kweli. Ingepita Hispania, Moroko na ukingo wa Sahara mpaka Dakar. Hapo inashushwa. Magunia yanapelekwa bandarini, yanapakiwa kwenye meli ndogo yenye mbio, na meli hiyo inaikata Atlantiki kwa siku nne au tano. Ng'ambo, Brazili, ndege nyingine inangoja kuyapokea magunia. Kwa hiyo barua ya ndege ilitumia sehemu kubwa ya safari yake ikiwa baharini, na hata hivyo iliiacha mbali ile iliyokwenda kwa meli mwanzo hadi mwisho.

Mbona ndege isivuke tu? Kutoka Saint-Louis, Senegali, hadi Natal, Brazili, ni takriban kilomita 3,100, na ndege za shirika la Aéropostale hazikuwa na pumzi ya kufika huko. Ndege yao nzuri kuliko zote mwishoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa Latécoère 28: bawa moja limekaa juu ya bodi, injini moja puani, viti 8 vya abiria, na nafasi ya magunia ya barua. Ikijaza tangi ilikwenda kama kilomita 1,000. Pwani ya Afrika hilo halikuwa tatizo. Ukitoka Casablanca unatua Agadir, unatua Cap Juby, unatua Villa Cisneros, kila mahali unakuta madebe ya petroli na fundi. Katikati ya bahari hakuna wa kukujazia.

Dawa ya masafa ni kuongeza mafuta, lakini mafuta yana uzito. Ndiyo maana lilipotengenezwa toleo la kuvukia bahari, Latécoère 28-3, abiria hawakuwa na lao. Nafasi ilikwenda kwa matangi, na puani ikafungwa injini ya Hispano-Suiza yenye nguvu za farasi 650. Kisha ikatolewa magurudumu na kuvikwa maboya mawili marefu chini ya tumbo, ipae na kutua majini.

Hayo maboya ndiyo yanayonivutia zaidi, kwa sababu ukiyatazama kwa hesabu ya masafa ni hasara tupu. Ni mazito, na yanakamata upepo njia nzima. Faida yake ni moja: injini ikizima juu ya bahari, ndege ya magurudumu inapiga maji na kwenda chini, ya maboya ina matumaini ya kukaa juu kama ngalawa. Wenye injini moja tu walikuwa wakinunua bima, na bei yake waliilipa kwa petroli.

Waliilipa pia wakati wa kupaa. Boya likiwa kwenye maji yaliyotulia kama kioo, maji hulinata, hayataki kuliachia. Ndege iliyosheheni inakimbia, inakimbia, na mto unakwisha haijanyanyuka. Rubani wa ndege ya aina hii huomba kile ambacho mwenye mtumbwi mdogo hukiogopa: upepo wa mbele na viwimbi vya kuyachana maji.

Tarehe 12 Mei 1930, rubani Jean Mermoz aliinyanyua ndege hiyo kutoka Mto Senegal pale Saint-Louis. Pamoja naye walikuwa Jean Dabry, baharia wa meli za biashara aliyefanywa mwongoza njia, na Léopold Gimié kwenye redio. Walibeba zaidi ya kilo 100 za barua. Usiku ukawakuta katika ukanda ambao marubani wa Kifaransa waliuita Pot-au-Noir, yaani chungu cheusi, ambako pepo za kaskazini na za kusini hukutana na mawingu hupanda kama milima. Ukanda huo haukomei Atlantiki. Umeizunguka dunia, hupanda na kushuka kufuata jua, na unapopita kwetu Afrika Mashariki ndipo tunapopata mvua za masika na za vuli. Sasa fikiria kuupita gizani, ndani ya kidude chenye injini moja. Asubuhi ya tarehe 13, baada ya saa 21 hivi angani, walitua majini Natal. Zile siku nne au tano za meli zilikuwa zimegeuka usiku mmoja.

Ungedhani meli zilistaafu mwezi huohuo. Wapi! Kwanza, kurudi kulikuwa kazi: maji ya Natal yalitulia, upepo haukuja, na majaribio ya kupaa yakashindikana tena na tena. Walipofanikiwa kuondoka, Julai, oili ikaanza kuvuja njiani. Injini isiyo na oili haina muda mrefu. Mermoz aliishusha ndege baharini karibu na Phocée, moja ya meli zilizokuwa njiani. Bima ikalipa: watu watatu wakaokolewa, barua zikaokolewa, na ndege ikazama.

Basi kilichokuwa kikikosekana ni injini ya akiba. Januari 1933 Mermoz alivuka kwa Arc-en-Ciel, ndege ya Couzinet yenye injini tatu, safari hii kwa magurudumu, akatumia saa 14 na ushei. Mwaka uliofuata ikaja Croix-du-Sud, Latécoère 300, ndege ya majini ya injini nne zilizopangwa mbili mbili, moja inavuta mbele na mwenzake anasukuma nyuma. Januari 1936, barua ya kila wiki ikaanza kuvuka kwa ndege tu, pande zote mbili, bila meli.

Tarehe 7 Desemba mwaka huohuo, Croix-du-Sud iliondoka Dakar, ikarudi kwa sababu ya hitilafu ya propela, ikatengenezwa, ikaondoka tena. Saa 4:47 asubuhi redio ikapokea ujumbe mfupi: tunazima injini ya nyuma ya kulia. Baada ya hapo kimya. Mermoz na wenzake wanne hawakuonekana tena.