Homa ya mgunda na sura zake zisizozoeleka

Julai 2022, kituo cha afya cha Mbekenyera wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, Tanzania, kilipokea wagonjwa wenye homa, kichwa kuuma, uchovu mkubwa na damu puani. Damu hiyo ndiyo iliyoitia Lindi nzima hofu. Vipimo vya Ebola, Marburg na Uviko-19 vilitoka hasi. Tarehe 18, Ummy Mwalimu, aliyekuwa Waziri wa Afya, akatangaza kuwa ni leptospirosisi, yaani homa ya mgunda. Hadi siku hiyo walikuwa wameugua watu 20, na 3 kati yao walikuwa wamefariki.

Ugonjwa wenyewe si mpya hata kidogo. Daktari Mjerumani Adolf Weil alieleza aina yake kali mwaka 1886. Bakteria anayeuleta, leptospira, huishi kwenye figo za panya, ng'ombe, nguruwe, mbwa na wanyama wengine, akatoka na mkojo wao na kubaki hai kwenye maji na tope. Anayepalilia mpunga pekupeku au kuchota maji bwawani ambako mifugo nayo hunywa humpata kupitia mchubuko, macho au mdomo. Dalili huanza baada ya siku 2 hadi 30, wengi wiki moja au mbili.

Kwa kawaida mtu huona homa ya ghafla, macho mekundu yasiyo na tongo, na vigimbi vinavyouma hata kuguswa. Kwa huku kwetu hapo watu husema malaria, na wengi hupona bila kujua waliugua nini.

Sasa, kwa nini wengine watoke damu? Leptospira husafiri na damu mwilini kote na kudhuru kuta za mishipa midogo kabisa, kwa hiyo dalili hutegemea ni kiungo gani kimeumia zaidi. Ini likiguswa, macho huwa ya njano. Ubongo ukiguswa, shingo hukakamaa kama kwa homa ya uti wa mgongo. Moyo na kongosho navyo huweza kuvimba. Figo ndizo zinazodanganya: mgonjwa anaweza kuendelea kukojoa vizuri tu huku zinafeli.

Sura inayotisha kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya mapafu. Mtu anaanza kukohoa damu, pengine bila hata dalili ya manjano, na ndani ya siku chache anashindwa kupumua. Wanaofikia hali hiyo, zaidi ya nusu wanaweza kufa. Kuna na ya jicho, ambayo huja wiki au miezi baada ya homa kuisha: jicho linauma, linaogopa mwanga, uoni unafifia, na hakuna anayekumbuka tope la msimu uliopita.

Kipimo cha malaria kikitoka chanya pia hakiiondoi homa ya mgunda, maana mtu anaweza kuwa nazo zote mbili. Mwambie daktari kazi uliyoifanya wiki zilizotangulia, hata asipokuuliza. Kipimo cha kingamwili, yaani kinga ambayo mwili huunda dhidi ya bakteria huyu, huhitaji mara nyingi damu ya mara ya pili, siku kadhaa baadaye, ndiyo sababu daktari anayeshuku hasubiri majibu: huanza dawa za kuua bakteria, doksisaiklini kwa mgonjwa wa kawaida, na penisilini au seftriaksoni ya mshipani kwa aliyezidiwa.